Bao Lisiloandikwa

Ukitamka neno ligi hapa Singida mjini, watu husikia mpira. Singida United ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2017, hata bibi wauza vitunguu walijua ratiba ya mechi. Baadaye zikaja Singida Big Stars na Singida Black Stars, na uwanja ambao wengi wetu tulikua tukiuita Namfua sasa unaitwa Liti. Kwa hiyo nilipomwambia rafiki yangu wa Dar es Salaam kwamba nimeshuhudia mechi kali ya ligi, aliniuliza nani alifunga.

Hakuna aliyefunga. Ligi ninayoisema huchezwa kila Jumapili alasiri chini ya mti, upande wa Ipembe, na wachezaji wake ni wazee saba na kijana mmoja mwuza mafuta ya alizeti. Wanacheza bao. Ligi ina daftari moja la shule, lenye jedwali la kurasa za mraba kwa nyuma, na ndani yake kuna safu mbili tu: nani alicheza na nani, na nani alishinda. Mimi ndiye mtunza daftari. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu nilikuwa nimemaliza chuo, sina ajira, na mwandiko wangu unasomeka.

Wachezaji wawili wakubwa wa ligi nitawaita kwa kazi zao, kama tunavyowaita kijiweni. Fundi anatengeneza baiskeli. Alijifunza bao kwa baba yake, katika mashimo yaliyochimbwa ardhini, kete zikiwa kokoto. Dereva aliendesha malori maisha yake yote. Yeye anasema bao alilisomea njiani: Tabora, Morogoro, Tanga, popote gari lilipolala. Fundi hucheza polepole, kidole kikiwa juu ya shimo kama mtu anayepima joto la maji. Dereva hucheza haraka na kutazama pembeni, kana kwamba mkono wake umeshajua na yeye hana haja ya kuusimamia. Katika daftari, siku ninayotaka kuisimulia, Fundi alikuwa na ushindi kumi na tisa na Dereva kumi na tisa.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa sijawahi kufikiria kuandika zaidi ya jina la mshindi. Wazo lile lilitoka kwenye mchezo mwingine.

Nilipokuwa chuoni nilijifunza sataranji kwenye simu, ule mchezo ambao vijana wengi tunauita chesi. Neno sataranji lina safari yake. Kiswahili kililichukua kwenye shatranji ya Kiarabu, Waarabu wakiwa wamelipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi, ambao waliuita mchezo wao chaturanga. Katika karne ya 9 na ya 10 wachezaji wakubwa wa Baghdad, kama al-Adli na as-Suli, walikuwa tayari wanaandika vitabu kuhusu mafumbo na mianzo ya mchezo huo. Yaani zaidi ya miaka elfu moja iliyopita kulikuwa na watu walioona kwamba mchezo ukiisha bila kuandikwa, akili iliyotumika imemwagika.

Kinachofanya sataranji iandikike ni kitu kidogo sana. Ubao una miraba 64. Safu za kusimama hupewa herufi, a mpaka h, na za kulala hupewa tarakimu, 1 mpaka 8. Kila hatua inakuwa jina la mraba. Katika mashindano rasmi mchezaji anatakiwa kuandika hatua zake na za mpinzani wake huku akicheza. Mchezo ukiisha, kinachobaki ni karatasi moja ambayo mtu yeyote, popote, anaweza kuichukua na kuufufua mchezo ule hatua kwa hatua.

Hivyo ndivyo nilivyokutana na Sultan Khan. Alikuwa mtu wa Punjab, katika India iliyotawaliwa na Waingereza, na mwaka 1929 alifika London katika msafara wa tajiri mwenye ardhi, Sir Umar Hayat Khan. Alikuwa amekulia katika sataranji ya Kihindi, ambayo sheria zake zilitofautiana kidogo na za Ulaya. Mwaka huohuo alitwaa ubingwa wa Uingereza. Akautwaa tena 1932 na 1933, kisha akarudi kwao, na kwenye mashindano makubwa hakuonekana tena. Katika mashindano ya Hastings yaliyoanza mwishoni mwa 1930 alimshinda José Raúl Capablanca wa Cuba, mtu aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927. Mchezo ule ulikwenda hatua 65. Sultan Khan alifariki 1966. Mwaka 2024 shirikisho la dunia la sataranji, FIDE, lilimpa heshima ya cheo cha ugwiji mkuu, miaka 58 baada ya kifo chake.

Niliucheza mchezo wake na Capablanca kwenye simu, nikiwa kitandani hosteli, usiku ambao umeme ulikuwa umekatika. Nilimwona akibana pole pole, hatua baada ya hatua, mpaka bingwa akakosa pa kupumulia. Mtu aliyekufa kabla baba yangu hajaanza shule alikuwa ananifundisha subira. Heshima ile ya 2024 nayo haikutokana na huruma. Ilitokana na karatasi: michezo ipo, imeandikwa, na yeyote mwenye shaka anaweza kuicheza upya na kujionea.

Nilirudi Singida na wazo hilo kichwani. Na pale chini ya mti nikaona mambo yanayofanana na yale yakipotea kila Jumapili saa kumi na mbili jioni, bao linapokunjwa na kete kurudishwa kwenye kopo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukaa mbele ya bao la Kiswahili, nieleze kwa ufupi. Bao lina mashimo 32, safu nne zenye mashimo manane kila moja. Kila mchezaji anamiliki safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Kete ni 64, kila mtu 32. Mchezo unapoanza, kila mmoja anaweka kumi tu juu ya bao: sita katika shimo la mraba liitwalo nyumba, ambalo ni la nne kutoka kulia kwake kwenye safu ya mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kulia kwa nyumba. Zilizobaki 22 anazishika ghalani. Hatua ya kwanza ya mchezo ni namua. Kila zamu unaingiza kete moja kutoka ghalani katika shimo lako la mbele lenye kete. Shimo la mpinzani linalotazamana nalo likiwa na kete, unazila zote na kuzipanda upande wako kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, la kushoto au la kulia. Kete ya mwisho ikitua penye kete na mbele yake kwa mpinzani kuna kete, unakula tena. Kama mbele yake ni tupu, unazizoa zile ulizozikuta na kuendelea kupanda. Unasimama pale tu kete ya mwisho inapotua katika shimo tupu. Hapo umelala. Usipokuwa na cha kula tangu mwanzo, unatakata: unapanda bila kula. Ghala likiisha, mnaingia mtaji, mnacheza na zile zilizo juu ya bao. Anayebakiwa na safu ya mbele tupu, au asiyekuwa na hatua ya kucheza, amefungwa.

Sheria zinaweza kujaa ukurasa mmoja, lakini kinachofanyika kinaweza kuijaza jioni nzima. Zamu moja inaweza kula mara tano, kuzunguka bao mara mbili, na kugeuza safu tatu kati ya nne. Mchezaji mzuri anaiona zamu hiyo yote kabla hajainua mkono, kisha anaona jibu la mwenzake, kisha jibu la jibu. Kwenye sataranji ukisogeza farasi, vipande vingine vinabaki vilipo. Kwenye bao ukisogeza kete moja, dunia nzima inaweza kuwa imehama.

Hilo lilinifanya nidhani bao haliandikiki. Baadaye nikajua kwamba kulikuwa na mtu aliyeliandika. Alexander de Voogt, mtafiti kutoka Uholanzi, alikwenda Zanzibar kukaa na mafundi wa bao, na mwaka 1995 akatoa kitabu kuhusu umahiri wao kupitia Chuo Kikuu cha Leiden. Yeye aliyataja mashimo kama miraba ya sataranji: kwa mchezaji wa kusini A ni safu ya mbele na B ya nyuma, kwa wa kaskazini a na b ndogo, na tarakimu 1 mpaka 8 kutoka kushoto ukitazama kutoka kusini. Niliposoma hivyo nilifurahi na kuona aibu kwa pamoja. Furaha, kwa sababu kumbe inawezekana. Aibu, kwa sababu mchezo ulikuwa wetu na daftari lilikuwa langu.

Jumapili ile Dereva alikaa kusini, Fundi kaskazini. Nilichora jedwali, nikaandika A, B, a, b.

"Mjukuu, leo unatupiga hesabu?" Dereva akauliza.

"Shikamoo babu. Nataka kuandika kila kete inapokwenda."

"Marahaba. Andika basi, lakini usiniulize kitu katikati. Kete zikiniuliza na wewe ukiniuliza, nitamjibu nani?"

Kwa zamu kumi za kwanza nilikuwa nahangaika. Nilijaribu kuandika kila ulaji: ameingia A6, amekula mbili, amepanda kutoka kulia, amekula tena, amezungukia nyuma. Kabla sijamaliza zamu moja, Fundi alikuwa ameshajibu na Dereva ameshajibu jibu. Ndipo nikagundua kosa langu. Bao halina bahati nasibu wala kificho. Ukijua kete imeingia shimo gani na upandaji umeanzia kichwa kipi, karibu yote yanayofuata yanaamuliwa na sheria yenyewe. Sikuhitaji kuandika safari nzima ya basi. Ilitosha kuandika kituo cha kuondokea na upande lilikoelekea. Nikaanza kuandika alama mbili tatu kwa kila zamu, na kwa mara ya kwanza nikapata nafasi ya kuinua macho na kuutazama mchezo.

Nilipoinua macho nikaona umati. Karibu watu ishirini, wengi vijana wa rika langu, baadhi wakiwa wamesimama juu ya magogo. Na nikamwona mama yangu akipita upande wa pili wa barabara na ndoo, akinitazama bila kusimama. Jioni hakunigombeza. Alisema tu, "Nimekuona na wale wazee wasio na kazi."

Hilo nalo lina historia yake. Katika nchi yetu mchezo wa mchana umekuwa ukitazamwa kwa jicho la mashaka kwa muda mrefu. Sheria ya Nguvukazi ya 1983 ilitaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika, na mijini watu walikamatwa na wengine kusafirishwa kwenda vijijini kwa kukosa ushahidi wa kazi. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliwakemea vijana wanaocheza pool asubuhi wakati wengine wako kazini. Mtu akipita kijiweni anaona mikono isiyoshika jembe, na hukumu inatoka hapo hapo. Lakini huyohuyo Mwalimu Nyerere, aliyetufundisha kwamba kazi ndiyo msingi wa uhuru, alikuwa mpenzi mkubwa wa bao, na alipostaafu na kurudi Butiama aliendelea kulicheza na wazee wa kijijini. Hakuna aliyemwita mzembe. Alikuwa na sifa nyingine za kumkinga. Fundi ana pampu ya baiskeli na viraka, na siku ya Jumapili hata hivyo havimkingi.

Nilijaribu kumweleza mama kwamba sataranji na bao ni kazi ileile ya kichwa. Aliuliza kama kuna mshahara. Nilimwambia habari za Phiona Mutesi, msichana wa Katwe, mtaa wa mabanda wa Kampala, aliyefundishwa sataranji na Robert Katende katika mpango wa watoto ambako pia walipata uji. Mwaka 2010 aliichezea Uganda katika Olimpiadi ya sataranji kule Khanty-Mansiysk, Urusi. Mwaka 2012, baada ya Olimpiadi ya Istanbul, akapata cheo cha FIDE kwa wanawake. Kitabu kikaandikwa juu yake mwaka huohuo, na filamu ya Mira Nair ikatoka 2016, Lupita Nyong'o akicheza kama mama yake. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na bao je, lina Istanbul?"

Halina. Nimelifikiria swali hilo kuliko maswali yote niliyoulizwa kwenye usaili wa kazi. Mutesi alikuwa na kipaji na mwalimu mwema, lakini vilevile alikuwa ndani ya mfumo unaoandika. Kila mchezo wake rasmi uliacha karatasi, kila karatasi iliacha pointi, na pointi zikijumlishwa zikawa cheo ambacho mtu wa Istanbul anaweza kukisoma bila kumjua msichana mwenyewe. Fundi ana ushindi wa miaka arobaini, na ushindi huo hauwezi kuvuka barabara ya lami.

Kuna ubishi mmoja ambao Fundi na Dereva hawaumalizi: bao hili ni la nani. Dereva anasema limetoka pwani, limekuja na watu wa misafara. Ana hoja. Njia kuu ya misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikatiza kusini mwa mkoa wetu, ikipita pori lililoogopwa kwa ukame, Mgunda Mkali, ambalo Richard Burton alilivuka mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871. Kilimatinde, ambako baadaye Wajerumani walijenga boma, iko kwenye njia hiyo. Wapagazi walipumzika, na mtu anayepumzika hutafuta mchezo. Istilahi zenyewe, namua, mtaji, takata, nyumba, ni Kiswahili kitupu. Na pwani bao lilikuwa na heshima ya kutosha kuingia katika ushairi: Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, alilitungia beti.

Fundi naye anajibu kwamba baba yake hakuwahi kuiona bahari na alicheza katika mashimo ya ardhini. Yeye pia ana hoja. Michezo ya kupanda mbegu katika mashimo imeenea karibu Afrika nzima, ya safu mbili kwa wingi huko magharibi, na ya safu nne huku mashariki na kusini. Hyrax Hill, karibu na Nakuru, Kenya, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, kuna safu za mashimo kama bao zilizochongwa katika mwamba. Jirani zetu Wasukuma wanao mchezo wao wa aina hii, isolo. Nadhani wote wawili wana haki. Pwani ililinoa bao hili likapata nyumba na namua, lakini lilipofika bara halikukuta watu wasiojua kupanda kete. Lilikuta mikono iliyokwishazoea, na ndiyo maana lilishika.

Ninachokiona katika ubishi huo ni kwamba historia yetu nyingi iko hivyo: imekaa katika midomo ya watu wawili wanaobishana. Hata jina la uwanja wetu. Liti Kidanka ni mwanamke wa Kinyaturu ambaye masimulizi ya hapa yanamkumbuka kwa kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, akitumia nyuki kama jeshi. Mashabiki hulitaja jina lake kila wiki bila kujua. Simulizi limedumu zaidi ya miaka mia moja bila karatasi, kwa sababu kila kizazi kilikuwa na mtu aliyelitaka. Beti za Muyaka nazo zilikaa vifuani kwa miaka mingi baada ya kifo chake, mpaka Mwalimu Sikujua wa Mombasa alipozikusanya kwa ajili ya mmisionari William Taylor. Kitabu kilichapwa 1940. Mdomo unaweza kuhifadhi. Lakini unahifadhi jina, kisa na ubeti. Bao lenyewe, zamu arobaini za kula na kulala, mdomo hauliwezi.

Nirudi kwenye Jumapili ile. Ilikuwa zamu ya 19 ya Dereva. Ghalani alibakiwa na kete tatu baada ya kuingiza ile ya mkononi. Nyumba yake ilikuwa bado nzima, imenenepa, kete 11. Ya Fundi nayo ilikuwepo. Dereva akaingiza kete shimo la tatu, akala kete nne za Fundi, akazipanda. Kete ya mwisho ikadondoka ndani ya nyumba yake, na mbele ya nyumba, kwa Fundi, kulikuwa tupu.

Hapo sheria inampa mchezaji hiari ambayo haimpi penginepo. Anaweza kulala nyumbani, azihifadhi zile kete 12. Au anaweza kusafiri: azizoe zote, aivunje nyumba, apande. Akisafiri anaweza kula sana, lakini nyumba haitarudi tena.

Umati ulinyamaza. Kwa mara ya kwanza nilimwona Dereva akilitazama bao badala ya kutazama pembeni. Kisha akasema, "Dereva halali njiani," akazizoa.

Kete zilizunguka zikakaza mwendo, mbele, nyuma, mbele tena. Alikula mara tatu. Watu wakapiga kelele. Lakini alipolala, safu yake ya mbele ilikuwa nyembamba kama meno ya mtoto. Fundi akapima kwa kidole, muda mrefu. Zamu tatu baadaye aliila katikati yote ya Dereva, na mapema katika mtaji safu ya mbele ya kusini ikawa tupu. Nikaandika katika daftari: Fundi 20, Dereva 19. Na pembeni, ukurasa mzima wa herufi na tarakimu.

Vijana waliobaki walikuwa na maoni mamoja: Dereva alikosea kusafiri. Yeye alikung'uta suruali, akasema hakukosea, akaenda zake. Mwaka mmoja uliopita ubishi ungeishia hapo na kuwa wa milele.

Miezi miwili baadaye Dereva aliugua, miguu ikavimba, akawa haji tena mjini. Fundi alinifuata nyumbani Jumapili moja, akasimama mlangoni, akamsalimia mama, akaniuliza kama lile daftari ninalo. Tukapakia bao nyuma ya baiskeli yake, tukaenda Mandewa.

Tulimkuta Dereva ameegemea mto. Tuliweka bao juu ya stuli kando ya kitanda. Nikaanza kusoma: ingia A6, kulia, ingia a3, kushoto. Fundi alicheza mikono yote miwili, ya kwake na ya mwenzake. Mchezo uliokuwa umekufa ukaanza kusogea tena mbele yetu, kete kwa kete, na Dereva akawa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza barua aliyoiandika mwenyewe zamani.

Tulipofika zamu ya 19 nikasoma: ingia A3, kushoto. Fundi akala nne, akazipanda kutoka kichwa cha kushoto. Kete ya mwisho ikatua shimo la nne, jirani na nyumba. Haikuingia.

"Hapana," Dereva akasema. "Hapo umenipeleka kushoto. Mimi nilianzia kichwa cha kulia. Hesabu: nane, saba, sita, tano. Ya nne ndiyo inaingia nyumbani."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeandika neno moja vibaya, na neno hilo moja lilikuwa limezifanya zamu zote zilizofuata kuwa uongo. Ningekuwa nimebaki na karatasi peke yake, ingenidanganya kwa mwandiko wangu mwenyewe uliosomeka vizuri. Nilifuta, nikaandika kulia.

"Sasa," Dereva akasema, "usisome tena. Fundi, mimi leo nalala nyumbani. Cheza."

Hapo ndipo nilipoelewa walichokuja kutafuta, wote wawili. Walicheza kutoka pale, ule mchezo ambao haukuwahi kuchezwa, Dereva akitaja shimo na mimi nikimwekea kete. Ilichukua chini ya nusu saa. Zamu ya pili Fundi aliikuta njia ya kuifikia nyumba, akala kete zote 12 pamoja na nyingine zilizoongezeka, na bao likaisha kabla hata ghala halijaisha.

Dereva alicheka mpaka akakohoa. "Mmeona?" akasema. "Safari ilikuwa sawa. Nilifungwa, lakini sikukosea."

Fundi alikiri kwamba kweli, safari ndiyo iliyomsumbua zaidi. Mama yake Dereva, bibi kizee aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua mboga, aliuliza nani ameshinda. Wote wawili wakajibu kwa pamoja, kila mmoja akitaja jina lake.

Katika daftari sasa kuna safu ya tatu. Jumapili ninapochelewa, kijana mwuza alizeti ndiye anayeandika, na nimemfundisha kurudia upande kwa sauti kabla hajauandika.